Binti yangu wa miaka 7 ameanza kuota matiti, na baba yake hataki kusikia habari ya sindano

Shikamoo Shangazi,

Naandika usiku, nyumba nzima imelala. Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, kwa sababu kila nikiisoma naona kama namwanika mwanangu hadharani. Naomba usitaje jina langu.

Nina binti wa miaka 7 na miezi 3, kifungua mimba wetu. Miezi mitano iliyopita nilikuwa namwogesha, nikapitisha mkono kifuani, akaruka. "Mama, hapo panauma." Nikapapasa taratibu. Chini ya chuchu ya kushoto kulikuwa na kitu kigumu, ukubwa wa kifungo cha shati. Kulia hakuna kitu. Shangazi, usiku ule sikupata usingizi, nilijua ni saratani. Wiki kadhaa baadaye cha kulia nacho kikatokea, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto anaota matiti.

Tangu siku hiyo mambo hayajasimama. Jasho lake limeanza kunuka kama la mtu mzima. Viatu vya shule nimebadilisha mara mbili. Kwenye fremu ya mlango wa chumba chake huwa tunaweka alama ya penseli kila siku yake ya kuzaliwa. Kati ya alama ya miaka 5 na ya miaka 6 kuna sentimita 6. Kati ya ile ya 6 na ya 7 kuna sentimita 9. Wageni wanamsifia urefu, naye zamani alikuwa akifurahi. Siku hizi anavaa sweta hata jua likiwaka, na akikaa anakunja mabega mbele.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima urefu na uzito, akamkagua, akaniuliza mimi nilivunja ungo nikiwa na umri gani. Akasema inaonekana ni balehe ya mapema. Akaandika eksirei ya mkono wa kushoto, damu ya kupima homoni, na baadaye pengine MRI ya kichwa. Kisha akasema kuna sindano zinazoweza kusimamisha balehe, za kila mwezi au kila miezi 3, hadi mtoto afike kama miaka 11.

Nilipomweleza mume wangu, ndipo moto ulipowaka. Anasema hakuna mtoto wake atakayechomwa sindano za kuzuia alichopanga Mungu, na kwamba zitamfanya tasa. Ya kupiga picha ubongo ndiyo kabisa, ananiuliza matiti na kichwa vina uhusiano gani. Mama mkwe naye akaongeza, "Kwetu wasichana hukomaa mapema. Mimi mwenyewe nilivunja ungo kabla ya wenzangu wote, na watoto sita nimewazaa." Kisha akanitupia neno kwamba huenda ni mafuta ninayompaka mtoto, au ninavyomlisha.

Mimi nilivunja ungo nikiwa na miaka 9. Nilikuwa darasani. Niliona damu nikadhani nimeumia ndani, nikajifunga sweta kiunoni nikakaa nalo hadi jioni. Siku mbili sikumwambia mtu. Wakati ule nilikuwa mrefu kuliko wote darasani. Nilipofika miaka 12 walikuwa wamenipita wote, na sijaongezeka hadi leo. Siwezi kukaa nikamtazama binti yangu akipita njia ileile.

Kwa hiyo nimeamua, au niseme nusu nimeamua, kumpeleka kimyakimya. Vipimo, na sindano pia ikibidi. Nitamwambia mtoto ni chanjo na kwamba asimwambie baba. Lakini kila nikiwaza hivyo moyo unanienda mbio. Tarehe ya kurudi kwa daktari ni wiki tatu zijazo. Nifanye nini?

Mama asiyelala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nashukuru kwamba mara ya nne hukuifuta.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mambo mawili yaliyofungwa pamoja hata hujui uanze kufungua lipi. Moja ni la mwili wa binti yako, unaokimbia mbele ya umri wake. Jingine ni la nyumba yako: mume anakataa, mama mkwe anasema ni kawaida, na wewe unajiona uko peke yako hadi umefikiria kupita mlango wa nyuma. Na chini ya yote mawili kuna msichana wa miaka 9 aliyejifunga sweta kiunoni. Nitamrudia huyo, maana nadhani ndiye aliyeshika usukani sasa hivi.

Kwanza niseme nililoliona niliposoma barua yako mara ya pili. Nyote watatu mnagombania sindano. Baba anaikataa, wewe unaitaka, bibi anaona haina kazi. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, daktari hajasema kwamba mtoto anahitaji sindano. Amesema inaonekana ni balehe ya mapema, akaandika vipimo. Sindano aliitaja kama kitu kilichopo, kikihitajika. Mmeingia vitani kwa ajili ya jibu wakati swali lenyewe bado halijapimwa.

Na swali hilo si dogo. Kwa msichana, dalili zikianza kabla ya miaka 8 huhesabiwa kuwa mapema. Kwa mvulana ni kabla ya miaka 9. Binti yako alianza akiwa na miaka 6 na miezi 10, kwa hiyo daktari hakutia chumvi. Ila ndani ya jina hilo moja mna watoto wa hali mbalimbali. Wapo wanaoota matiti tu, yakatulia, na hakuna cha kutibu, ingawa hao wengi huwa chini ya miaka 3. Wapo wanaoanza kwa jasho la kunuka na nywele za siri bila matiti, na hiyo mara nyingi hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Wapo ambao balehe imeanza kweli lakini inajikokota, na wakiachwa bila dawa hufikia urefu wao wa kawaida. Wapo pia ambao inakwenda mbio. Mtoto ambaye hajaanza balehe huongezeka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Zile sentimita 9 za mlangoni kwako ndizo zinazonifanya nisikuambie usubiri tu uone.

Sasa, mume wako ameuliza matiti na kichwa vina uhusiano gani. Wewe umelisikia kama ukaidi. Mimi naona ni swali zuri kuliko yote yaliyomo kwenye barua hii, na anastahili jibu.

Balehe huanzia kichwani. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Wakati ukifika, huanza kutoa homoni kwa mapigo, kama mtu anayebisha hodi, ananyamaza, anabisha tena. Chini yake kuna tezi ya pituitari. Ikiisikia hodi hiyo, nayo hutuma homoni zake kwenye damu hadi kwenye ovari, na ovari hutengeneza estrojeni. Estrojeni ndiyo inayootesha matiti. Ndiyo pia inayosukuma mifupa irefuke haraka, na baadaye ndiyo inayofunga zile sehemu laini karibu na ncha za mifupa ambako urefu hutengenezwa. Zikishafungwa hazifunguki. Hapo unapata maelezo ya maisha yako mwenyewe ambayo pengine hakuna aliyewahi kukupa: ulikuwa mrefu kuliko wote kwa sababu ileile iliyokufanya usimame mapema.

Basi picha ya kichwa ni ya kutazama huko hodi inakoanzia. Najua neno ubongo linatisha. Kwa wasichana wengi, hasa walioanza baada ya miaka 6, picha hairudi na kitu chochote, mwili umeamka mapema tu. Ndiyo maana daktari wako amesema pengine. Uwezekano wa kukuta chanzo ni mkubwa zaidi kwa wavulana, na kwa wasichana walioanza wakiwa wadogo zaidi ya wako. Lakini mtoto akianza kuumwa kichwa mara kwa mara, kutapika asubuhi, kuona vibaya, au kunywa maji na kukojoa kupita kiasi, usingoje wiki tatu. Mpeleke siku hiyohiyo, mume akubali asikubali.

Eksirei ya mkono haina mateso. Mkono wa kushoto unalazwa bapa, sekunde chache zinapita, na mionzi yake ni kidogo sana. Kisha mifupa yake inalinganishwa na picha za rejea za watoto wa umri tofauti. Mtoto wa miaka 7 anaweza kukutwa na mkono wa miaka 7 na nusu, au mkono wa miaka 10. Hizo ni safari mbili zisizofanana kabisa. Damu nayo itatazama homoni inayoitwa LH, kama pituitari imeshaanza kuitika. Isipoeleweka, huenda akachomwa homoni ya kuiamsha pituitari kisha damu ikachukuliwa tena baada ya muda, na siku hiyo ni ndefu, hivyo nenda na kitu cha kumchezesha. Muulize daktari pia juu ya tezi ya shingo, thairoidi. Ikilegea sana inaweza kuleta matiti mapema, ingawa mtoto wa namna hiyo kwa kawaida hudumaa badala ya kurefuka.

Mama mkwe wako nataka nimtetee kidogo, kwa sababu amekupa jambo kubwa bila kujua. Mwaka 2013 watafiti walieleza jeni inayoitwa MKRN3, ambayo ikiwa na kasoro huamsha balehe kabla ya wakati. Cha ajabu ni kwamba nakala inayofanya kazi ni ile tu iliyotoka kwa baba. Mwanamume akiirithi kasoro hiyo kwa mama yake, yeye mwenyewe huenda asionyeshe dalili yoyote, kisha akampa binti yake naye akabalehe mapema. Sisemi ndivyo ilivyo kwenu. Nasema neno "kwetu hukomaa mapema", likitoka upande wa baba, ni la kumpelekea daktari, pamoja na miaka yako 9. Wewe ulilichukua kama njia ya kukuzima, na pengine ndivyo lilivyotamkwa, lakini ndani yake mna historia ya ukoo inayohitajika kwenye faili la mtoto. Ukimwomba bibi akumbuke umri wake na wa dada zake, huenda ukampata mtu wa upande wako.

Ile ya mafuta na chakula, uitue. Ni kweli watoto wa kike wenye uzito mkubwa huelekea kuanza mapema kidogo, na ni kweli kwamba krimu au jeli zenye homoni wanazotumia watu wazima zinaweza kumpata mtoto kwa kugusana ngozi. Kama kuna yeyote nyumbani anayetumia dawa ya namna hiyo, mwambie daktari. Mafuta ya kawaida na sahani ya nyumbani si kesi ya kukuhukumu nayo.

Tuje kwenye hofu ya utasa, kwa sababu hiyo ndiyo inayomnyima mume wako usingizi, hata kama yeye anaonekana analala. Sindano hizi zimetumika kwa watoto tangu miaka ya 1980. Mwaka 1978 ilionyeshwa kwa kima kwamba homoni ya ubongoni ikija kwa mapigo, pituitari huitikia, na ikimwagwa mfululizo bila kukatika, hunyamaza. Dawa inafanya hivyohivyo: inabisha hodi bila kupumzika hadi mwenye nyumba anaacha kufungua. Haiharibu ovari. Ikisimamishwa, kubisha kwa kawaida kunarudi, na wengi huvunja ungo ndani ya mwaka mmoja hadi miwili. Waliotibiwa utotoni wamefuatiliwa hadi utu uzima, na haijaonekana kwamba dawa inawazuia kuzaa.

Lakini na wewe, mwanangu, usiipende sindano kama inavyosimuliwa kwa haraka. Wiki za mwanzo inaweza kuchochea kabla ya kutuliza, hata tone la damu likaonekana. Mahali pa sindano panaweza kuuma au kufanya jipu. Wengine huumwa kichwa au huhisi joto la ghafla. Uimara wa mifupa unaweza kushuka kidogo wakati wa dawa, kisha ukarudi ikishaachwa. Na kuna hili linalowashtua wazazi wengi: dawa ikifanya kazi, kasi ya kurefuka inapungua. Alama za penseli zitakaribiana tena. Faida ya urefu ni kubwa zaidi kwa walioanza dawa kabla ya miaka 6. Kati ya 6 na 8 ipo kwa baadhi yao, na baada ya hapo huwa ndogo. Uliza mapema pia kama dawa inapatikana mfululizo na kama mnaimudu kwa miaka mitatu au minne, kwa sababu dozi zikichelewachelewa usingizi wa pituitari unakatika.

Ndipo narudi kwa yule msichana wa sweta. Ulipomwona binti yako kajifunika kwenye jua kali, ulimwona yeye, au ulijiona? Sikuulizi kwa ubaya. Kilichokuumiza wewe kilikuwa damu na urefu, sawa. Lakini nikisoma maneno yako, kilichokuumiza zaidi ni zile siku mbili za kutomwambia mtu. Sindano haitibu hilo. Binti yako anaweza kupata dawa yote ya dunia na bado akabaki peke yake ndani ya sweta, na anaweza asipate hata dozi moja akakua akiwa ameshikwa mkono. Ni vizuri ujue ni lipi kati ya hayo unalolipigania usiku huu.

Hapo ndipo siri inaponitia wasiwasi. Naelewa kwa nini umeifikiria, na sikulaumu. Ukiifuata utapata kitu kimoja cha thamani, nacho ni muda, kwa sababu mifupa haingoji watu wazima wapatane. Lakini itazame hadi mwisho. Dawa hii ni ya miaka. Chanjo gani huchomwa kila mwezi? Ikitokea jipu, au tone la damu, baba atajua kwa njia mbaya kuliko zote, na hofu yake ya utasa itakuwa imepata ushahidi kwamba kuna kilichofichwa. Na huyu mtoto, ambaye mwili wake unaanza kuonekana mkubwa mbele ya watu wasio na nia njema, atakuwa amefundishwa na mama yake kwamba mambo ya mwili yanaweza kufichwa kwa mzazi. Mimi ningeogopa somo hilo kuliko sindano yoyote.

Ukikaa kimya na kungoja mume abadilike mwenyewe, unalinda amani ya sasa, lakini hujui unailipia kwa nini, kwa sababu hakuna anayepima. Kungoja chini ya macho ya daktari, mtoto akipimwa kila miezi 3 hadi 6, ni kitu kingine kabisa, na kwa watoto wengine huo ndio uamuzi sahihi. Pengine hilo mume wako anaweza kulikubali. Kuna pia kumwambia wazi: "Siendi kuchoma sindano. Naenda kujua. Sindano hatutaiamua bila wewe." Huenda akanuna. Huenda pia akapumua, kwa sababu alidhani mlango umeshafungwa. Na kuna kumwomba aje mwenyewe siku ya miadi aulize la utasa na la kichwa kwa mdomo wake. Mwanamume anayembishia mke wake kwa saa nzima mara nyingine humsikiliza daktari kwa dakika kumi. Linakera, najua, lakini lina manufaa. Wewe ndiwe unayemjua mume wako. Kama kuna jambo kwake linalofanya mazungumzo ya wazi yawe hatari kwako au kwa mtoto, hilo hukuliandika, na jibu langu lingekuwa tofauti. Niandikie tena.

Binti yako hajasemeshwa mpaka sasa, au sikuliona kwenye barua. Ana miaka 7. Kifua kinaweza kuonekana cha miaka 11, lakini akili na hofu zake ni za miaka 7, na watu watasahau hilo kila siku, walimu wakiwemo. Mwambie kwa maneno mafupi kwamba mwili wake umeanza kukua mapema kidogo, kwamba hajakosea kitu, kwamba maumivu ya kifuani ni ya kukua na daktari analiangalia, na kwamba mtu yeyote akimgusa au kumsema akwambie, hata akiambiwa asiseme. Mtafutie fulana ya ndani laini iliyombana kidogo, huenda sweta likaanza kuvuliwa lenyewe. Habari ya damu pia aijue kabla haijafika. Kwa kawaida hedhi hufuata miaka 2 hadi 3 baada ya matiti, ila kwa wengine hufika haraka zaidi. Mwekee pedi kwenye droo yake na umwonyeshe. Na siku ukiweza, msimulie kisa chako cha darasani.

Kabla ya miadi, nakili zile alama za mlangoni pamoja na tarehe zake kwenye karatasi, ongeza urefu wako na wa baba yake, na umri wa bibi alipovunja ungo. Mpe mume wako kipimo, yeye ndiye ampime mtoto leo na kuweka alama mpya. Uende na karatasi hiyo. Daktari ataihitaji.